Dodoso la kujikagua kwenye fizikia: Kiingereza na Kiswahili vinanipa madarasa mawili tofauti

MwalimuWaKibosho (Moshi)

Walimu wenzangu, salaam.

Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne kwenye shule ya kata huku Kibosho, na nipo kwenye utafiti wa shahada ya uzamili. Nimekwama. Msimamizi wangu ananiambia nirekebishe tafsiri, lakini moyoni naona tatizo si tafsiri peke yake. Naomba aliyewahi kutafsiri dodoso, au aliyewahi kukaa kimya pembeni ya mwanafunzi anayepiga swali la kukokotoa, anisaidie.

Ninachopima ni kile wataalamu wanachokiita metakognisheni, yaani mtu kufikiri juu ya kufikiri kwake. Neno lilishika miaka ya 1970 kupitia John Flavell, mwanasaikolojia wa Marekani. Darasani kwangu jambo lenyewe ni la kila siku: mwanafunzi anasoma swali, anapanga aanzie wapi, katikati anashtuka kwamba njia aliyoshika haimfikishi, mwishoni anaangalia jibu na kujiuliza kama linawezekana. Wapo wanaofanya hivyo bila kufundishwa. Wapo pia wanaopanga kanuni vizuri na kukokotoa kwa usafi, halafu pikipiki inashuka mlima wetu kwa mita 1,200 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti hewani, na mtoto anapiga mistari miwili chini ya jibu na kufunga daftari. Hao ndio walionifanya nichague mada hii.

Madodoso yapo. La Schraw na Dennison la mwaka 1994 lina sentensi 52 na ni la masomo yote. Mwaka 2013 Taasoobshirazi na Farley walitoa la fizikia hasa. Yote mawili yalitungwa kwa Kiingereza, kwa wanafunzi wa Marekani. Nilichukua mwelekeo wao nikaandika sentensi zangu chache kwa Kiingereza chepesi, kisha nikazigeuza Kiswahili. Mwanafunzi anazungushia namba kuanzia 1 (sikubali kabisa) mpaka 5 (nakubali kabisa).

Darasa ni moja, wanafunzi 41. Jumatatu niliwapa ya Kiingereza. Baada ya wiki mbili nikawapa ya Kiswahili. Ya Kiingereza ilirudi imejaa namba 3. Ya Kiswahili ilirudi imejaa namba 5. Nilikaa na karatasi hizo mezani mpaka taa ikaanza kufifia, kwa sababu nilikuwa natamani sana kuamini kwamba Kiswahili kimewafungua. Mnajua watoto hawa wametoka wapi: miaka saba wamesoma sayansi kwa Kiswahili, wanajua wenzo, egemeo, jitihada na mzigo, halafu Januari moja kila kitu kinageuka Kiingereza. Nilitaka jibu liwe hilo.

Kesho yake nilimwita binti mmoja mwenye alama nzuri aliyekuwa amejipa 1 kwenye sentensi ya Kiingereza "I monitor my work", yaani naifuatilia kazi yangu. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa adabu: "Madam, mimi si monita. Monita wetu ni yule anayekaa mbele."

Sikuwa na la kusema. Nikaona basi Kiswahili ndicho kinasema kweli. Nikamwita kijana aliyejipa 5 kwenye "Hukagua jibu langu kabla ya kukusanya daftari", nikafungua daftari lake. Ndiye mwenye pikipiki ya mita 1,200 kwa sekunde. Nilipomuuliza taratibu, akasema: "Madam, ukisema hukagui si utaonekana mvivu?"

Kwa hiyo Kiingereza kinanipima msamiati, na Kiswahili kinanipima nidhamu. Fikra za mtoto sijazigusa bado. Nifanye nini? Niendelee kurekebisha maneno, au dodoso lenyewe si chombo cha kazi hii?

---

Mfasiri_Njiro (Arusha)

Pole, Mwalimu, na hongera kwa kumwita huyo binti. Wengi wetu tungemwacha na 1 yake na kuipeleka kwenye jedwali.

Nimetafsiri madodoso kwa miaka kadhaa, mengi ya afya, machache ya elimu. Utaratibu unaojulikana ni mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona asilia arudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe. Brislin aliuandikia mwaka 1970 na bado tunautumia. Lakini kurudisha kunakamata neno lililopotea tu. "Hukagua jibu langu" ingerudi kwa Kiingereza bila kasoro yoyote, na wewe umeshaona ilivyokudanganya.

Na hiyo "hukagua" nina neno nayo. Hu- ya mazoea haina mwenyewe. Mtoto anayesoma haraka anaiona hu- ile ya "hujui", "huelewi", "hukufanya", na tayari anahisi anasutwa. Mimi siku hizi naandika "Mimi huwa nakagua", hata ikirefusha mstari.

Kubwa zaidi ni ndiyo na hapana. Ukimhoji mtoto kwa mdomo ukasema "Hukukagua jibu?", na yeye kweli hakukagua, atakujibu "Ndiyo", kwa maana ya ndiyo, sikukagua. Kiingereza kingesema hapana. Niliwahi kukuta rundo la mahojiano ambapo msaidizi aliandika "ndiyo" zote upande wa waliokagua. Hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuonyesha kosa hilo. Kwa sababu hiyo hiyo, sentensi za kukanusha zilizochomekwa kwenye dodoso ili kumnasa anayezungushia bila kusoma, kwetu zinamnasa hata aliyesoma. "Huwa siangalii tena jibu langu", halafu achague "sikubali": mtoto wa kidato cha tatu anabeba kukanusha mara mbili na bado hajaanza kujifikiria.

Namba 3 nayo, uliiandikaje? Kama uliandika "sina uhakika", basi umeweka kapu moja la "wakati mwingine" na "sijaelewa sentensi". Rundo lako la 3 kwenye Kiingereza nadhani ni la kapu hilo la pili.

Halafu mpangilio. Wote walianza Kiingereza, wote wakamaliza Kiswahili, kwa hiyo mara ya pili walikuwa wameshajua mwalimu anatafuta nini. Gawa darasa: nusu waanze na hiki, nusu na kile.

Unajua sokoni Kiboriloni mtu anavyouza maharage kwa sado. Mmoja anafuta juu kwa kiganja, mwingine anaacha kilemba. Wote wanasema sado moja. Lugha zako mbili ziko hivyo. Kabla ya kusema darasa la Kiswahili lina zaidi, sharti uonyeshe kwamba mtoto yule yule, mwenye tabia ile ile, angechagua namba ile ile kwa lugha yoyote. Wataalamu wana hesabu ya kulipima hilo, lakini inataka wanafunzi mamia. Kwa 41 usiiguse, itakupa majibu yasiyo na mguu.

---

MwalimuWaKibosho

Asante sana. Ndiyo, niliandika "sina uhakika". Na hu- nitaiondoa yote.

Ila hata nikiyasafisha haya, kijana wa pikipiki bado atajipa 5. Ataelewa sentensi vizuri zaidi na kunipa 5 safi zaidi.

---

MzeeWaMachame

Mwanangu, nimekaa darasani miaka 31, nusu yake Arusha, kabla ya kustaafu na kurudi kwenye migomba. Hayo madodoso sikuwahi kuyatumia, kwa hiyo yapokee haya kama ya mtu aliyekuwa anaangalia tu.

Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 pale. Yanachemka kwenye 95 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Kila mwaka nilikuwa nawapa kipimajoto na birika, nawaambia andikeni mnachokiona. Na kila mwaka karatasi nyingi zilirudi na 100. Zebaki ipo kwenye 95, mtoto anaitazama, anaandika 100, kwa sababu darasa la sita aliambiwa 100. Wachache waliandika 95 na alama ya kuuliza pembeni. Mwaka mmoja kijana aliandika 95, akaifuta, akaandika 100, akaifuta tena, akaja mezani kwangu kuuliza kama kipimajoto ni kibovu. Karatasi ilikuwa imekaribia kutoboka. Huyo nilimjua siku ile kuwa anajifuatilia, na sikumuuliza sentensi hata moja.

Kwa hiyo tafuta pale anapofuta. Wanafunzi wako waandike kwa kalamu, wakatae kwa mstari mmoja, wasitumie kifutio.

La pili, waweke wawiliwawili. Mmoja anapiga swali na kusema kila kinachompitia kichwani, kwa lugha yoyote inayomjia, mwingine anasikiliza tu. Wewe kaa nyuma. Usisaidie. Akinyamaza sema "endelea kusema" na usiongeze neno. Utasikia Kiswahili, kanuni kwa Kiingereza, na kwa watoto wa huku juu utasikia Kichagga pale anapokasirika na swali. Ninyi mnaopima lugha mbili mmezitenga kwenye karatasi mbili, wakati kichwani mwa mtoto ziko kwenye mstari mmoja.

Lakini usikipambe Kiswahili. Nilikuwa nasikia "nguvu" kwa kila kitu. Nguvu ya kusukuma, nguvu ya injini, nguvu ya betri. Kani, nishati na kasi ya kufanya kazi, vyote kwa neno moja, na mtoto anasema kwa raha, hana wasiwasi hata kidogo. Kwa Kiingereza angalau neno gumu linamsimamisha.

Na kwa kuwa upo Moshi, usimsahau Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, akaona mchanganyiko wake wa aisikrimu uliowekwa ukiwa moto umeganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuliacha swali mpaka lilipomfikia Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, wakachapisha pamoja mwaka 1969, na wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo hapo jirani yako. Miaka yote hiyo mtoto alijua kwa hakika kitu gani hajaelewa. Sijui angejipa namba ngapi kwenye dodoso lako baada ya kuambiwa amechanganyikiwa.

---

Fundi_Umeme_Sakina (Arusha)

Shikamooni walimu. Mimi si mtafiti, nilimaliza kidato cha nne shule ya kata na sasa nafanya umeme wa majumbani. Nataka kusema kilichokuwa kinatokea upande wetu.

Swali lilikuwa: kitu cha kilo 5 kinaanza "from rest" kwa "uniform acceleration", yaani mchapuko usiobadilika, ya mita 2 kwa sekunde mraba, kwa sekunde 6, tafuta kani na umbali. Kwenye karatasi kitu kiliitwa "body". Mimi nilisoma mwili wa kilo 5, nikaona mtoto mchanga. "Rest" nikaona anapumzika. "Uniform" ni sare ya shule. Nilikuwa natafsiri moja moja, nikifika mwisho nimeshasahau mwanzo, naanza tena. Kani ni 10 na umbali ni mita 36, leo napiga kwa kichwa. Siku ile niliandika kanuni tatu nilizokariri nikakusanya.

Mwalimu akaandika "hujasoma". Nilisoma, Madam. Nilikaa na imani kwamba fizikia si yangu, kwa miaka minne. Sikujua kwamba nilichokosa ni maneno matatu.

---

MwalimuWaKibosho

Marahaba, fundi. Nimesoma ulichoandika mara nyingi. Nilikuwa nimeshapanga kujibu Mzee na Mfasiri, lakini kazi niliyofanya wiki hii imetoka kwenye mstari wako wa mwisho.

Niliacha dodoso kabatini. Niliwapa maswali mawili ya Kiingereza, nikawaambia wabebe kalamu na wasifute kitu, kama Mzee alivyosema. Nikaongeza jambo moja: popote unaposimama, weka alama. Kama kinachokusimamisha ni neno, zungushia duara. Kama maneno umeyaelewa ila hujui fizikia yake, piga mstari wa wima pembeni. Na chini ya kila jibu andika moja kati ya haya: nina uhakika, nina wasiwasi, nabahatisha. Kwa Kiswahili, kwa sababu hayo ndiyo maneno wanayoambiana wakitoka kwenye mtihani.

Swali la kwanza lilikuwa lako. Binti wa monita aliweka duara moja tu, kwenye "rest". Hakuna mstari popote. Akaandika nina wasiwasi. Nilimnong'oneza kwamba maana yake ni kitu hakijaanza kutembea, akarudi kwenye karatasi, akatafuta 10 na 36 bila mimi kusogea. Alijua mahali hasa pa kuomba msaada, na ni mtoto huyu niliyekuwa nampelekea msimamizi na alama 1.

Kijana wa pikipiki hakuweka alama yoyote. Nina uhakika, nina uhakika. Yote mawili amekosa. Nilimweka na mwenzake aongee, na Mzee ulisema kweli: "nguvu" ilitoka mara nyingi, mara ya kwanza ikiwa kani, ya pili ikiwa nishati, na hakusikia tofauti. Hapo angalau nina kitu cha kupima. Naweza kuhesabu ni mara ngapi uhakika wa mtoto umeenda sambamba na jibu lake, kwa kila lugha, bila kumuuliza yeye ni mtu wa aina gani.

Kilichonisumbua ni swali la pili. Tofali la kilo 2 linateleza kwenye mteremko wa nyuzi 30, na mteremko umeelezwa kuwa "smooth". Watoto wengi walipiga mstari wa wima hapo, alama ya fizikia. Nikawauliza. Wote wanajua "smooth" ni laini. Hawakujua kwamba kwenye mtihani neno hilo ni amri ya kuacha msuguano. Walikuwa wanatafuta namba ya msuguano ambayo haipo, hawaioni, wanajilaumu kwamba hawajasoma mada. Mmoja aliandika pembeni: "nimesahau kanuni". Hakuna kanuni aliyosahau. Mchapuko ni mita 5 kwa sekunde mraba tukichukua g, mchapuko wa mvutano wa dunia, kuwa 10, na anajua kuutafuta.

Sasa alama yake niihesabuje, ya lugha au ya fizikia? Amejifuatilia vizuri kiasi cha kujua kwamba kuna kitu hana, lakini amekosea ni kitu gani. Na nikitafsiri swali, Mfasiri, nifanyeje? Nikiandika "mteremko laini" Kiswahili kitakuwa kigumu vile vile. Nikiandika "mteremko usio na msuguano" nimeshampa nusu ya jibu ambayo mwenzake wa Kiingereza anatakiwa aitafute. Nahofia kwamba rundo langu la kwanza, na mengi niliyosoma yanayosema watoto wanafikiri vizuri zaidi kwa lugha wanayoijua, yana "usio na msuguano" humo ndani bila mtu kuiona.

---

Mfasiri_Njiro (Arusha)

Ihesabu peke yake. Usiiweke kwenye lugha wala kwenye fizikia, fungua safu ya tatu. Na kwenye Kiswahili andika "laini", kisha kabla ya kuanza wape orodha ya maneno ya mtihani kwa lugha zote mbili, iwe sawa kwa kila mtoto: laini maana yake msuguano usihesabiwe. Hapo pande zote mbili zinaanza mstari mmoja.

Angalia na saa. Nilimwona mtu ametafsiri basi linaloondoka Moshi 8:00 asubuhi akaandika "saa 8 asubuhi". Watoto walikaa kwenye mstari huo muda mrefu wakishangaa basi gani hilo, na kila aliyeshangaa alikuwa anajikagua vizuri sana, ila aliishia kukosa swali.

---

MzeeWaMachame

Safu ya tatu ni sawa. Na huyo aliyeandika amesahau kanuni, usimwache aende likizo hivyo.

---

MwalimuWaKibosho

Sijamwacha, Mzee. Jana baada ya vipindi nilikaa naye kwenye ngazi za maabara, nikamfungulia karatasi yake na ya wenzake wawili waliopiga mstari pale pale. Alizitazama zote tatu kwa zamu, akaniuliza kama anaweza kurudia swali kwenye daftari jipya. Nikampa muda. Chini yake ameandika nina uhakika, na ni kweli.

Jumatatu nagawa darasa nusu kwa nusu. Orodha ya maneno imefika 19. Fundi, kama yapo mengine yaliyokusimamisha wakati ule, niandikie hata usiku.